Mtoto wa nondo ana miguu mingapi?

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa Kabare alishuka Bukavu akanifikia nyumbani na kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Ndani mlikuwa na majani ya mahindi yaliyoliwa, mashina ya maharagi yaliyong'olewa na mizizi yake, na kipande cha tunguu la mgomba, lile shina nene la chini ya udongo. "Papa agronomu, nipe dawa moja ya hawa wadudu wote." Alikuja na mtoto wake wa darasa la sita. Nilipomlaza kiwavi wa mahindi kwenye karatasi nyeupe, kijana alimhesabu miguu kwa ncha ya kalamu, akarudia, akainua macho: "Mwalimu alisema mdudu ana miguu sita. Huyu ana 16!"

Kijana alihesabu sawasawa, na mwalimu wake hakukosea. Mwili wa mdudu una kichwa, kifua na tumbo, na miguu ya kweli, yenye viungo, huota kifuani tu: jozi tatu. Kiwavi huyu ana pia vinundu laini chini ya tumbo, jozi tano, visivyo na viungo. Ni miguu ya bandia. Nilimpa kijana kioo cha kukuzia aone vikulabu vilivyo nchani mwake, vidogo mno, ambavyo kiwavi hujishikiza navyo kwenye jani. Akishageuka nondo, vinundu hivyo hutoweka, ikabaki ile sita.

Miguu hiyo ndiyo inayonitajia ukoo wa mdudu kabla hajakua. Nilipasua shina la haragi kwa wembe, pale linapoingia udongoni, nikakuta vibuu vyeupe visivyo na mguu hata mmoja wala kichwa kinachoonekana. Hao ni watoto wa nzi wa maharagi. Mama yao ni mweusi, anang'aa, ana urefu wa milimita 2 hivi. Hutaga kwenye majani ya mche mchanga, na buu huteremka ndani ya shina hadi chini. Mama wa watu alikuwa akidhani ni ugonjwa wa kuoza. Buu wa kwenye tunguu naye hana miguu, lakini ana kichwa kigumu cha kahawia chenye taya: huyo ni fukusi wa migomba, wa ukoo wa mbawakavu. Mabuu wengi wa ukoo huo wana miguu sita kifuani. Wa fukusi hawana kabisa, ndiyo maana natazama na kichwa.

Basi dawa moja itoke wapi? Mmoja yumo ndani ya shina, wa pili ndani ya tunguu, wa tatu kwenye moyo wa mche wa mahindi.

Huyu wa mahindi alinichukua muda zaidi. Usoni ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mwisho wa tumbo madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, mzaliwa wa Amerika aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016. Asichanganywe na bungua wetu wa zamani, Busseola fusca, ambaye akikua kidogo huingia ndani ya bua.

Ngozi ya kiwavi haitanuki sana, kwa hiyo kila akikua huivua. Kiwavijeshi kwa kawaida hupita hatua sita, na katika mbili za mwisho ndipo anapokula sehemu kubwa ya chakula chake chote. Akiwa mchanga hukwangua jani na kuacha vidirisha vinavyopitisha mwanga. Wakati huo anauawa kirahisi. Kiwavi wa mama alikuwa na urefu wa sentimita 3, amekaa chini ya kinyesi chake kilicho kama unga wa mbao uliolowa. Muuzaji mmoja alishampa mama dawa ya kunyunyizia, akanyunyiza juu ya kizibo hicho cha kinyesi. Pesa ile iliniuma, maana ilikuwa ya shule.

Nondo mwenyewe hana taya za kula jani. Ana mrija wa kunyonya maji ya maua. Tofauti kabisa na kunguni wa kahawa, ambao wakulima wa Kalehe na Idjwi wanawafahamu: wale watoto hufanana na wazazi wao isipokuwa mabawa, na wote, wakubwa kwa wadogo, hutoboa tunda bichi kwa mdomo kama sindano.

Mama aliondoka bila chupa. Maharagi atayainulia udongo shinani yaote mizizi mipya. Migombani atapasua vipande vya shina lililokatwa, avilaze kifudifudi, na alfajiri aokote fukusi waliojificha chini yake. Kwenye mahindi atapita kila siku ya tatu akitafuta mafungu ya mayai yaliyofunikwa manyoya ya kijivu, ayaponde kwa vidole.

Kijana aliomba kiwavi. Nilimwekea udongo wa kina cha vidole vitatu, nikamwambia afunge kopo kwa kitambaa, ampe jani bichi kila asubuhi, na nondo akitoka asimwachie. Jana jioni alinipigia kwa simu ya mama yake, anaongea kwa kunong'ona: kiwavi ameingia udongoni, na tangu asubuhi hajarudi juu.