Mchimbaji wa Bitcoin Haapishwi: Uaminifu Wake Unatoka Wapi?

Sanduku la kikoba huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Siku ya kikao hufunguliwa mbele ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti na kila mtu anasikia. Hiyo haina maana kwamba mweka hazina ni mwizi. Kikundi kimejipanga tu kisilazimike kuuliza kama ni mwizi au la.

Naanza na kikoba kwa sababu katika mafunzo yetu ya usalama wa fedha za kidijitali kuna swali ambalo halikosi: wachimbaji hawa wa Bitcoin na sarafu nyingine za kidijitali, tusiowajua, mmoja yuko Texas, mwingine Kazakhstan, tunawaaminije? Hatuwaamini, na wala mtandao hauwaamini. Umejengwa ili udanganyifu ugharimu kuliko kufuata kanuni. Kwa hiyo cha kukagua ni gharama hiyo, na gharama hiyo hailingani kwa kila sarafu.

Neno "mchimbaji" lenyewe linapotosha, maana kazi yake hasa ni ya karani. Anakusanya miamala iliyotumwa, anaipanga kwenye ukurasa uitwao bloku, kisha anatafuta namba ambayo ikichanganywa na ukurasa huo kwa hesabu iitwayo hashi itatoa jibu dogo kuliko kiwango kilichowekwa. Njia ya mkato hakuna. Ni kubahatisha mabilioni kwa mabilioni ya mara, na kila jaribio linakula umeme. Kwa Bitcoin, iliyoanza tarehe 3 Januari 2009, bloku mpya hupatikana kila dakika 10 hivi. Malipo ya mchimbaji yalianza na bitcoin 50 kwa bloku, hukatwa nusu kila baada ya bloku 210,000, na tangu Aprili 2024 ni 3.125 pamoja na ada za miamala. (Programu ya simu inayokuambia unachimba bitcoin kwa kubonyeza kitufe kila asubuhi inakudanganya. Simu haina ubavu huo.)

Umeme huo mchimbaji ameshaulipia kabla hajajua kama ukurasa wake utapokelewa. Wapokeaji ni maelfu ya kompyuta, zinazoitwa nodi, na kila moja hukagua bloku upya kwa kanuni zilezile, kama wanakikoba wanaohesabu kwa sauti. Tarehe 4 Julai 2015 baadhi ya makundi makubwa ya wachimbaji yalionja hasara ya kukataliwa na nodi. Kanuni mpya ya saini ilikuwa imeanza kutumika. Mchimbaji mmoja mdogo akatoa bloku iliyoivunja, na wakubwa wakaunganisha za kwao juu yake bila kuikagua, kwa kuwa kukagua kunachelewesha kidogo. Bloku sita zikatupwa, na takribani dola 50,000 zikapotea nazo. Hawakuwa wezi, walikuwa wavivu. Nodi hazikujali tofauti.

Nodi hizo ndizo zinazomzuia mchimbaji, hata awe mkubwa kiasi gani, asichukue sarafu zako bila ufunguo wako, yaani namba ya siri inayoidhinisha malipo, wala kujiandikia malipo kuliko yaliyoruhusiwa. Hapa wengi hukosea wanaposikia "shambulio la asilimia 51". Mwenye zaidi ya nusu ya nguvu za uchimbaji haingii kwenye pochi ya mtu. Anachoweza ni kuzuia miamala isiandikwe na, baya zaidi, kuyafuta malipo yake mwenyewe. Analipa, anapokea alichonunua, huku pembeni anaandika kwa siri kurasa nyingine ambamo malipo yale hayamo. Mnyororo wake, yaani kurasa zake zilizounganishwa moja juu ya nyingine, ukiupita ule wa wazi kwa wingi wa kazi, anauachia. Kompyuta zote huuhamia, na muuzaji anabaki mikono mitupu.

Hayo yaliwakuta watumiaji wa Ethereum Classic, sarafu nyingine inayochimbwa. Januari 2019 soko la Coinbase liligundua kurasa zikiandikwa upya, na sarafu 219,500 zikatumiwa mara mbili, thamani yake dola milioni 1.1 hivi. Mwaka 2020, kati ya mwisho wa Julai na mwisho wa Agosti, mtandao huohuo ukapigwa mara tatu, na mara ya tatu zaidi ya bloku 7,000 zikageuzwa. Sababu yake ndiyo ningependa msomaji aishike. Ethereum Classic ilikuwa ikichimbwa kwa mashine za aina moja na Ethereum, mtandao mkubwa kuliko wenyewe kwa mbali. Mashine zilikuwa zimejaa nje, na zilipatikana za kukodi kwa saa. Mvamizi hakuhitaji kununua hata moja. Alikodi, akafanya yake, akaondoka. Sarafu ikiporomoka kesho, yeye hana cha kupoteza.

Mchimbaji wa Bitcoin yuko kwenye hali tofauti. Mashine zake hazina kazi nyingine ya maana, na watu wakiikimbia bitcoin zitabaki chuma chakavu. Hata hivyo mimi huwa sitoi hati safi. Wachimbaji wengi hujiunga kwenye makundi ili kugawana malipo, na msimamizi wa kundi ndiye anayepanga bloku. Juni 2014 kundi la GHash.IO lilivuka nusu ya nguvu za mtandao kwa muda. Baadhi ya wanachama wakahamisha mashine zao na kampuni ikaahidi kubaki chini ya asilimia 40. Hakuna polisi aliyeitwa. Tena mwaka 2013 Ittay Eyal na Emin Gün Sirer wa Chuo Kikuu cha Cornell walikuwa wameonyesha kwamba kundi lililozidi theluthi moja linaweza kujinufaisha kwa kuficha bloku na kuziachia kwa kuvizia. Kwa maoni yangu, mgawanyo wa makundi unastahili kufuatiliwa kuliko bei.

USDT, ambayo wengi huiita dola ya kidijitali, haichimbwi kabisa. Huitoa kampuni ya Tether, inayoweza kufungia anwani, yaani akaunti ya mtumiaji. Hapo unaamini kampuni.

Ukipokea malipo kwa sarafu inayochimbwa, usitoe mzigo mara tu muamala unapoonekana. Kwa Bitcoin desturi ni kungoja bloku sita, yaani saa moja hivi, kwa malipo makubwa. Kwa sarafu ndogo, uliza kwanza kama mashine za kuichimba zinakodishwa, na yenyewe ina sehemu gani ya mashine hizo.

Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji, na mashine nyingi zikahamia Ethereum Classic. Kuivamia leo ni ghali kuliko ilivyokuwa Agosti 2020, ingawa wachimbaji wake hawajageuka kuwa watu wema zaidi.