Kupata mgahawa mzuri katika mji mdogo wa chuo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mji mdogo wa chuo una tabia yake. Muhula ukifunguliwa walaji wanafurika, likizo ikianza meza zinabaki tupu, na wapishi wanafuata mdundo huo wapende wasipende. Mgeni anayekuja kwa siku mbili au tatu, awe mzazi wa mhitimu, mtafiti aliyealikwa kwenye semina au msafiri tu, hana nafasi ya kujaribu mgahawa mmoja baada ya mwingine. Akikosea mchana na akakosea tena jioni, ziara imekwisha. Ndiyo maana inasikitisha kuona watu wakiongozwa na kanuni za mdomoni ambazo kwenye miji ya aina hii hazisaidii.

"Palipojaa wanafunzi ndipo penye chakula kitamu"

Wanafunzi wanajaa mahali kwa bei nafuu, kwa sahani inayoshibisha, kwa ukaribu na madarasa na kwa saa za kufunga. Utamu nao umo, lakini mwenye dakika 40 kati ya kipindi na kipindi hauweki mbele. Wanafunzi wanakuambia kwa uhakika mahali unaposhiba kwa pesa kidogo. Kama hilo ndilo unalotafuta, wafuate bila wasiwasi.

Foleni nayo inasomwa vibaya. Inaweza kuletwa na chakula kizuri, na inaweza kuletwa na jiko zito. Simama kando dakika 5 uhesabu sahani zinazotoka. Foleni ya watu 10 huku sahani 12 zikitoka katika dakika hizo ni dalili ya jiko linalopika bila kusimama, na chakula hakipati muda wa kupoa. Foleni ileile huku zikitoka sahani 2 ni upungufu wa mikono, na aliye mwisho atasubiri dakika 25.

Tazama saa pia. Vipindi vikiisha saa sita kamili mchana, kila mgahawa ulio karibu na lango utakuwa umejaa saa sita na dakika 10. Hiyo ni ratiba, wala si sifa. Meza zenye watu saa tisa alasiri katikati ya wiki, wakati hakuna kinachomlazimisha mtu kuwa pale, ndizo zenye habari. Watazame waliokaa: wauguzi waliotoka zamu, madereva, mafundi ambao nguo zao bado zina vumbi la kazi, wazee wanaokula peke yao. Hao wako mjini mwaka mzima, na hawarudi mahali palipowaangusha mara mbili.

"Nyota 4.9 zinashinda nyota 4.4"

Piga hesabu kidogo. Mgahawa una tathmini 10, zote za nyota 5. Mtu mmoja akikasirika akaupa nyota 1, wastani unashuka kutoka 5.0 hadi 4.6. Mgahawa wenye tathmini 400 na wastani wa 4.4 ukipata nyota 1 hiyohiyo, unabaki kwenye 4.4. Wastani wa watu 400 unaweza kuuegemea. Wa watu 10 unaweza kuwa wa marafiki wa mwenye mgahawa. Na katika mji mdogo, migahawa yenye tathmini 10 ni mingi.

Nafasi kwenye orodha nayo haitoshi. Mwaka 2017 banda la bustanini kusini mwa London, lililoandikishwa kwa jina la The Shed at Dulwich, lilipanda hadi nafasi ya kwanza kati ya migahawa zaidi ya 18,000 ya jiji hilo kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri. Lilipandishwa kwa maoni ya kutunga, kabla halijamhudumia mlaji hata mmoja. Kama hilo liliwezekana kwenye jiji kubwa namna ile, mji wenye migahawa 30 unahitaji binamu wachache tu wenye simu.

Maoni yana faida kubwa ukiyasoma kwa mpangilio. Kwanza yapange kwa tarehe, mapya juu, usome ya miezi 3 ya karibuni tu. Mpishi akihama, maoni ya mwaka juzi yanamhusu mtu ambaye hayupo tena jikoni. Kisha tafuta ya nyota 3. Anayetoa 5 amefurahi, anayetoa 1 amekasirika, lakini wa 3 mara nyingi anataja mambo: nyama ilikuwa laini ila wali ulikuwa wa baridi, huduma nzuri ila walikosea oda. Baada ya hapo fungua picha zilizopigwa na walaji, si za mgahawa wenyewe. Sahani ileile ikionekana na kipimo kilekile katika picha za watu watatu tofauti, jiko lina nidhamu.

Mwisho linganisha tarehe za malalamiko na kalenda ya chuo. Nyota 1 tano za wikiendi ya mahafali zinasema jiko lilizidiwa siku mbili. Nyota 1 tano zilizotawanyika kwenye muhula mzima ni jambo jingine kabisa.

"Mji mdogo hauna pilika, utakula wakati wowote"

Hapa ndipo wageni wengi wanapolala njaa. Kalenda ya masomo iko kwenye tovuti ya chuo, na inakufaa kuliko orodha yoyote ya migahawa bora. Tafuta mambo manne: kufunguliwa kwa muhula, wiki za mitihani, mahafali, na likizo.

Siku za kufungua chuo na za mahafali, wazazi wanafika kwa pamoja na meza zinakwisha mapema. Piga simu wiki 2 hadi 4 kabla, taja idadi ya watu, kisha piga tena siku moja kabla kuthibitisha, kwa sababu katika migahawa midogo nafasi zinaandikwa kwenye daftari na daftari linabadilisha mikono. Mkiwa 8 au zaidi, ulizeni kama mnaweza kuagiza chakula mapema. Jiko la mioto minne haliwezi kutoa sahani 8 tofauti kwa wakati mmoja. Wawili watakula huku sita wakiwatazama. Chagueni aina 2 au 3 za chakula mgawane, na mpishi atawashukuru.

Likizo ina shida nyingine. Walaji wakipungua, chakula kinatoka polepole, viungo vinakaa muda mrefu kwenye friji, na baadhi ya migahawa inafungua siku chache tu kwa wiki bila kurekebisha saa zake kwenye ramani ya simu. Piga simu asubuhi ya siku hiyohiyo. Na katika kipindi hicho agiza kile kinachopikwa kwa oda, si kile kilicholala kwenye trei.

Kuna pia suala la saa za kufunga. Ramani ikiandika kwamba mgahawa uko wazi hadi saa nne usiku, inazungumzia mlango. Jiko huanza kuzimwa nusu saa hadi saa nzima kabla, na anayeingia saa tatu na dakika 40 anapakuliwa kilichobaki chini ya sufuria. Swali la kuuliza kwenye simu ni "Jiko linafungwa saa ngapi?"

"Chakula kikitoa mvuke ni salama"

Dhana hii ndiyo inayoumiza watu kweli, kwa hiyo ivumilie ikielezwa kwa urefu.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, au chini ya nyuzi 5, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Katikati ya viwango hivyo bakteria wanazaana upesi. Kukipasha moto upya hakufuti kila kosa. Bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hupenda wali, anaacha mbegu zinazostahimili kuchemka; wali ukipoa polepole mezani zinachipua na kutengeneza sumu, na sumu hiyo inayotapisha haivunjwi na moto wa kupashia. Ndivyo ilivyo pia kwa sumu ya Staphylococcus aureus, anayeingia kwenye chakula kutoka mikononi na puani mwa watu. Sahani inaweza kukuunguza ulimi na bado ikakulaza kitandani.

Inama kidogo uitazame trei kwenye kaunta. Mvuke unaopanda ukingoni peke yake usiutegemee, maana ukingo ndio ulio karibu na maji ya moto yanayoipasha trei; tazama katikati. Mchuzi uliokaa muda mrefu unafanya utando, na utando huo unakunjamana upawa ukipita. Pembeni mwa trei kuna mstari mkavu, wenye rangi nzito kuliko mchuzi, unaoonyesha kina kilipokuwa mwanzoni. Mstari huo ukiwa vidole vitatu juu ya mchuzi uliobaki, na pembeni pamekauka hadi kubanduka, trei hiyo ni ya tangu asubuhi. Trei ndogo inayobadilishwa kila baada ya muda mfupi ni bora kuliko trei kubwa iliyojaa pomoni. Tena anayekuja mapema, kabla ya msongamano wa mchana, anapakuliwa sufuria mpya, wakati anayekuja msongamano ukipungua anapata mabaki yake.

Angalia na mikono. Anayepokea pesa kisha anashika chakula bila kunawa anakupa sababu ya kutosha ya kuondoka, hata kama harufu inavutia namna gani.

Kwenye vyakula vya kukaanga, mwangalizi mzuri anaanza na karai. Mafuta yaliyochoka yana rangi ya kahawia nzito, yanatoa povu dogodogo linalong'ang'ania pembeni, na yanafuka moshi kabla chochote hakijatumbukizwa. Sababu ni kwamba kila yanapopashwa moto yanavunjika zaidi, na joto la kuanzia kufuka moshi linashuka. Chakula kilichotoka humo kinaacha utando kwenye kaakaa na uchungu unaokuja baadaye. Mwenye mzio wa karanga au samaki aulize waziwazi kama vitu vyote vinakaangwa kwenye karai moja, kwa sababu mafuta yanabeba chembe kutoka chakula hadi chakula.

"Menyu ndefu ni dalili ya jiko hodari"

Wapishi wawili na vyakula 60: gawanya mwenyewe. Vingi vinatoka kwenye friji la kugandisha, au vinaagizwa mara chache hadi viungo vyake vinazeeka. Hata hivyo usihukumu kwa idadi pekee. Isome menyu kwa kuhesabu viungo vikuu. Vyakula 60 vinavyozungukia viungo 12 vinaweza kuwa vibichi vyote, kwa kuwa kila kiungo kinatumika kila saa. Vyakula 25 vinavyohitaji viungo 40 vina mashaka zaidi.

Mhudumu akikuambia "hicho kimeisha" saa mbili usiku, usinune. Maana yake ni kwamba walipika kiasi cha siku hiyo na kikaliwa.

"Waulize tu wenyeji"

Ushauri ni mzuri, tatizo ni swali. Ukiuliza "Wapi pana chakula kizuri?" unapewa jina la mahali panapofaa wageni, yaani penye vitambaa vya meza. Uliza hivi: "Wewe mwenyewe ulikula wapi mara ya mwisho, na uliagiza nini?" Asiyekumbuka alichoagiza hajakuambia kitu. Waulize watu watatu wasiokaa pamoja; jina likitajwa mara mbili, nenda.

Mtu wa mapokezi mahali ulipolala anaweza kuwa na maelewano na mgahawa fulani, kwa hiyo mshukuru kisha uendelee kuuliza. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanajua bwalo na barabara moja. Walio bora ni makatibu wa idara, wakutubi, mafundi wa maabara na walinzi, wanaobaki mjini chuo kikifungwa. Usiwasahau wanafunzi wa shahada za juu waliotoka mbali. Hao wanajua ni nani anayepika chakula cha kwao sawasawa, hata kama mahali penyewe pana meza nne na hapana bango. Utajiri huo wa miji ya vyuo hauonekani kutoka barabara kuu.

Ukishakaa, swali kwa mhudumu nalo libadilike. "Kipi kizuri?" hujibiwa "vyote". "Kipi kimetoka jikoni sasa hivi?" kinampa kitu cha kweli cha kujibu.

"Ukienda mbali na lango la chuo ndiko kwenye chakula halisi"

Wakati mwingine. Penye lango, mteja anakuja hata kama chakula ni cha kawaida, na hilo linalegeza baadhi ya majiko. Lakini mgahawa wa mbali usio na walaji una tatizo baya zaidi la chakula kulala. Umbali hauelezi lolote mpaka uone sahani zinatoka.

"Bwalo la chuo si la wageni"

Vyuo vingi vinaruhusu mgeni kula bwaloni. Uliza langoni mambo mawili: kama wanapokea pesa taslimu au kadi ya chuo tu, na kama mgeni ana saa zake. Na kama chuo kinafundisha upishi au hoteli, uliza kama kina mgahawa wa mazoezi. Huko wanafunzi wanapika chini ya macho ya mwalimu anayeonja kila sufuria kabla haijatoka, na bei mara nyingi ni ya chini. Unafunguliwa siku za masomo tu, huenda ni mlo mmoja kwa siku, nafasi ni chache na huduma ni ya polepole kwa sababu mtu anajifunza. Weka nafasi siku chache kabla, na usiwe na miadi kwa saa 2 zinazofuata.