Je, Wajua Kwa Nini Wimbo wa Zamani Ulikatwa Nusu?

Nenda Kenyatta Market siku ya Jumamosi, upite wasusi, upite moshi wa nyama choma, uombe kupekua kasha la santuri ndogo, zile za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Haitachukua muda kabla hujakutana nayo: jina la bendi, jina la wimbo, na chini yake "Part 1". Igeuze. Bendi ileile, wimbo uleule, "Part 2". Katikati ya wimbo kuna kimya, na mkono wa mtu anayeinuka kitini kwenda kugeuza sahani.

Kwa nini?

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na jibu, na nililitoa kwa kila aliyekosea kunikaribia: tamaa. Kampuni ya kurekodi ilimlipa mwanamuziki wimbo mmoja, ikaukata vipande viwili, ikauza sahani kwa bei kamili. Kwenye baa ilikuwa mbaya zaidi, maana jukeboksi, mashine ya kucheza santuri kwa sarafu, ilidai sarafu ya pili ili umalizie ulichoanza. Nilikuwa na uhakika kiasi cha kuthubutu kumwambia mzee mmoja muuza santuri anipunguzie bei, kwa sababu sahani niliyoshika ilikuwa na wimbo mmoja tu, si mbili kama zingine.

"Kijana wangu," akaniambia, "wewe unataka nikupunguzie kwa sababu wimbo ni mrefu?"

Nililipa shilingi 500 bila neno lingine. Lakini swali lake lilinikaa, kwa sababu ukilifuata, hoja ya tamaa inaanguka yenyewe. Mfanyabiashara mwenye tamaa ya kweli asingekuwekea sehemu ya 2 nyuma ya sehemu ya 1. Angeiweka kwenye sahani nyingine, uirudie dukani mwisho wa mwezi. Sarafu ya pili ya jukeboksi nayo haikwenda moja kwa moja kwa kampuni ya santuri. Ilidondoka kwenye mashine, na mwenye mashine ndiye aliyeifungua. Tena mtindo huu haukuzaliwa River Road, mtaa wa biashara ya santuri hapa Nairobi. James Brown alitoa "Papa's Got a Brand New Bag" mwaka 1965 huko Marekani ikiwa imegawanywa vivyo hivyo, sehemu ya 1 mbele, ya 2 nyuma. Kinshasa, mpiga gita Franco na bendi yake ya TPOK Jazz walikata nyimbo zao kwa kisu hichohicho. Kama ni njama, basi ilikuwa njama ya mabara mawili, na hakuna aliyefikiria kuificha kwenye lebo.

Mkosaji ni plastiki yenyewe.

Historia nitaipitia haraka. Kabla ya santuri hizi kulikuwa na zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zilizovunjika kama biskuti na kubeba dakika tatu hivi kila upande. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri kubwa ya kuzunguka taratibu, na mwaka uliofuata RCA Victor ikajibu na hii ndogo ya 45. Ndogo ilikuwa rahisi kununua na kubeba, ikapendwa na redio na baa. Nairobi ya miaka ya 1970 iliishi kwa santuri hizo ndogo.

Sasa tazama sahani yenyewe kwa karibu, uiinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Utaona kama duara nyingi zilizopangana. Sizo. Kila upande una mfuo mmoja tu, unaoanzia ukingoni na kujizungusha kuelekea katikati bila kukatika, kama mtu aliyelima shamba la mviringo kwa jembe la ng'ombe bila kuliinua hata mara moja. Shamba lenyewe, yaani sehemu inayoruhusiwa kulimwa kati ya ukingo na lebo, lina upana wa kama sentimita 3. Hapo ndipo wimbo wote unapaswa kutosha.

Hesabu ni ya darasa la tano. Wimbo wa dakika 4 ni mizunguko 180. Sentimita 3 ukizigawa kwa 180, kila mzunguko unapata kama moja ya sita ya milimita. Ukitaka dakika 8, mizunguko inakuwa 360, na kila mmoja unabaki na nusu ya hapo, upana unaokaribia unene wa unywele.

Hilo lisingekuwa neno kama ng'ombe wetu angetembea sawasawa. Lakini muziki ni kuyumba kwenyewe: sauti imeandikwa kwa namna mfuo unavyopinda kushoto na kulia, na sindano inazisoma pinda hizo. Gita la solo ni ng'ombe mwenye woga, anatetemeka harakaharaka lakini hatoki njiani. Besi ni ng'ombe mkorofi. Anavuta jembe mbali kulia, kisha mbali kushoto, na sauti ikipandishwa anavuta zaidi. Tuta la jirani likiwa karibu, jembe litaingia humo, na ukicheza sahani hiyo sindano itaruka na kuchukua njia ya jirani. (Kweli, fundi anayechonga santuri hupunguza besi wakati wa kuchonga, na amplifaya huirudisha nyumbani kwako. Hata baada ya kupunguzwa, ng'ombe ni yuleyule.)

Kwa hiyo fundi ana mambo matatu mkononi: urefu, ukubwa wa sauti na besi. Akiongeza kimoja lazima apunguze kingine. Na si kwamba upande mmoja haubebi kabisa zaidi ya dakika 4 au 5. The Beatles walitoa "Hey Jude" mwaka 1968, zaidi ya dakika saba upande mmoja, na ikacheza. Lakini muziki wa dansi wa kwetu ulipigwa kwenye baa iliyojaa watu wanaopiga soga, mlango ukiwa wazi na matatu zikinguruma nje. Santuri ya sauti hafifu na besi iliyonyongwa ingepotea humo. Kati ya wimbo mzima uliolegea na nusu mbili zenye nguvu, sina shaka mnywaji angechagua nini.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya nianze kupenda ule mkato. Umeona gwaride la Madaraka linapogeuka kona? Askari wa nje anapiga hatua ndefu, wa ndani anakanyaga karibu palepale, ilhali mstari ni mmoja na unageuka kwa pamoja. Santuri ni hivyo. Ukingoni mfuo unapita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 40 kwa sekunde. Ukikaribia lebo, kasi imeshuka hadi kama 25. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi fupi zaidi, na matoazi na gita za juu huanza kukwaruza. Mwisho wa upande ndipo mahali pabaya kabisa pa kuweka kitu kizuri.

Sasa kumbuka jinsi rumba lilivyojengwa. Mwanzo ni taratibu, mwimbaji anaeleza kisa chake, anashtaki, anabembeleza. Kisha maneno yanapungua, gita zinashikana, na sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, inaanza. Hapo ndipo watu huacha bia mezani. Wimbo huo ungepangwa upande mmoja, sebene ingeangukia karibu na lebo. Ukatwe nusu, na sebene inafunguka ukingoni mwa upande wa pili, mahali penye kasi na nafasi kuliko pote. Sidai kwamba wanamuziki walikaa na rula. Ila ukisikiliza santuri nyingi kwa zamu utaona mkato mara nyingi uko palepale mshono ulipo.

Ukisikiliza nyimbo hizo kwenye intaneti siku hizi, mtu ameziunganisha. Tega sikio: sauti inafifia polepole, halafu inarudi, wakati mwingine ikiwa kali kidogo kuliko mwanzo. Hapo ndipo paliposimama mkono wa mtu.

Mkato huo umeacha kumbukumbu zilizokatwa nusu pia. Mama yangu alikulia na redio, na watangazaji wengi walicheza upande wa kwanza, wakashusha sauti, wakasoma salamu. Shangazi alifanya kazi kwenye baa Makadara, ambako wateja walidai sebene. Mama anajua maneno, shangazi anajua magita. Wakiimba pamoja jikoni utadhani ni nyimbo mbili.

Ile sahani ya shilingi 500 nilimpelekea mama. Lebo imechakaa, jina la mwenyewe wa kwanza limeandikwa kwa kalamu ya buluu na kufutwa nusu, na ilibidi niweke sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Mama aliimba upande wa kwanza wote. Ni kisa cha mwanamume anayemsihi mkewe aliyekwenda kwao arudi. Sauti ilipofifia, mama alinishika mkono.

"Geuza. Miaka yote hii nataka kujua kama alirudi."

Nikageuza. Gita la solo likaingia, rithimu ikalifuata, besi ikatikisa meza. Tulingoja. Dakika nne za magita, mtu mmoja akiita majina ya wapigaji, hakuna hata mstari mmoja kuhusu mke. Sindano ilipofika kwenye lebo na kuanza kugonga, tak, tak, tak, mama aliinuka akachukua vikombe vya chai.

"Basi hakurudi," akasema. "Na wao wakaamua kucheza."