Skonzi zinaharibikia kwenye unga wa kunyunyizia

Kila ninapopata darasa jipya, siku ya kwanza nawaacha wakande wenyewe, nami nasimama pembeni naangalia mikono. Hazipiti dakika tatu donge linaanza kunata vidoleni, na mkono unakimbilia unga. Linanata tena, unaongezwa tena. Mwishowe meza ni safi, mikono ni misafi, na donge limeviringika zuri kama mpira. Hapo skonzi zimeshakuwa ngumu, na hamira hata haijaanza kazi.

Nazungumzia skonzi zetu za hamira, zile za mviringo zilizoshikana ubavu kwa ubavu, za kuchambua kwa mkono na kutowelea chai. Skonzi ya Waingereza ni kitu kingine. Ile huumuliwa kwa bekingi pauda, siagi baridi husuguliwa kwenye unga mpaka uwe kama chenga, na hutakiwi kuukanda, maana ukiukanda tu inakuwa ngumu. Wengi wameharibikiwa kwa kuchukua maelekezo ya ile wakayatumia kwa hii. Yetu bila kukandwa haiendi popote.

Sasa kwa nini unga wa ziada ni tatizo? Ngano ina protini ambazo zikipata maji na kukandwa hushikana zikawa nyuzi zinazovutika, yaani gluteni. Hamira inakula sukari na kutoa hewa, na hewa ile inanaswa na zile nyuzi kama vipuli vingi vidogo. Nyuzi zenye maji ya kutosha zinatanuka, vipuli vinakua, skonzi inakuwa nyepesi. Nyuzi kavu zinakaza. Hamira inasukuma lakini hakuna kinachotanuka, na unachokitoa kwenye oveni ni kipande kizito chenye ganda.

Kosa lenyewe mara nyingi huanza hata kabla ya kukanda, kwenye kikombe. Chota unga kwa kukizamisha kikombe kwenye mfuko, kisha kipime: utapata karibu gramu 150. Jaza kikombe kilekile kwa kijiko, taratibu, bila kushindilia: utapata karibu gramu 120. Maelekezo yakisema vikombe vinne, mmoja ameweka gramu 480 na mwingine 600, na maziwa ni yaleyale. Ndiyo maana nawaomba sana mnunue mizani ndogo ya jikoni kabla ya kununua mashine yoyote ya kukandia.

Kwa skonzi 12 napima unga wa ngano gramu 500, maziwa mililita 280, yai moja, sukari gramu 70, siagi gramu 60, hamira ya chenga gramu 7, chumvi gramu 8, na iliki kidogo ukipenda. Mimi siiachi iliki.

Kutoka kwenye vipimo hivyo natoa unga gramu 20 na maziwa mililita 100, nakoroga kwenye sufuria ndogo juu ya moto mdogo mpaka upatikane uji mzito. Ukipitisha mwiko unaacha njia na unaona kitako cha sufuria. Naepua, naacha upoe. Wanga wa ngano ukifika joto la nyuzi 65 hivi unafyonza maji na kuyashikilia, kwa hiyo donge linabeba maji mengi bila kuwa tope, na skonzi inalala laini mpaka kesho yake. Ni kazi ya dakika tatu na naithamini kuliko kitu chochote kinachouzwa dukani kwa ajili ya kulainisha mikate.

Maziwa yaliyobaki yawe vuguvugu, kidole kikae bila kushtuka. Yakiwa ya moto sana yanaua hamira. Changanya kila kitu isipokuwa siagi, mpaka usione unga mkavu, kisha funika na uondoke kwa dakika 20. Usiruke hatua hii. Unga unakunywa maji wenyewe na nyuzi zinaanza kujijenga bila mkono wako, na ukirudi utakuta donge lililokuwa linakushinda limetulia. Ndipo tia siagi na kukanda dakika 10 hadi 12. Mwanzoni siagi italitelezesha, litaonekana kama limeharibika. Endelea. Likinata, paka mikono mafuta kidogo, na unga uache kwenye mfuko.

Utajuaje limeiva kwa kukandwa? Kata kipande kama ndimu, kivute polepole kwa vidole vya mikono miwili kuelekea dirishani. Kikitanuka mpaka kikawa utando unaopitisha mwanga bila kuchanika, acha. Kikikatika mapema, kanda tena dakika mbili tatu.

Kuumuka usikupime kwa saa. Dar es Salaam mwezi wa pili donge linafika mara mbili ya ukubwa wake ndani ya saa moja au pungufu. Mbeya mwezi wa saba linaweza kutaka saa mbili. Kisha toa hewa, gawa matonge ya gramu 80, viringa, panga kwenye trei iliyopakwa siagi ukiacha nafasi ya kidole kimoja. Yakiumuka yatagusana, na ubavu uliogusana haufanyi ganda. Yaache yaumuke tena mpaka ukibonyeza kwa kidole, kishimo kirudi polepole. Kikirudi haraka bado. Kisiporudi kabisa umechelewa.

Oka nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 22. Zikitoka tu, zipake siagi juu na uzifunike kwa kitambaa safi, mvuke wake wenyewe ulainishe ganda.

Kwa wa jiko la mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga, ipashe moto dakika 15, weka trei juu ya vijiwe vitatu, funika, makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache chini. Chungulia baada ya dakika 15, maana chini huwahi kuungua.

Zilizobaki zifunge kwenye mfuko zikishapoa kabisa, lakini zisiingie kwenye friji. Baridi ile inaukaza wanga haraka kuliko joto la mezani. Kesho asubuhi nyunyizia matone ya maji, weka kwenye sufuria kavu yenye mfuniko juu ya moto mdogo, dakika tatu, wakati chai inachemka.