Ukatili kazini kwa dereva wa kuajiriwa: maana yake na unavyoumiza akili

Ukatili kazini ni tendo, neno, tishio au utaratibu usiokubalika unaompata mtu akiwa kazini au kwa sababu ya kazi yake, ukamdhuru au ukaelekea kumdhuru mwili, akili, kijinsia au kiuchumi. Hiyo, kwa ufupi, ndiyo maana iliyomo katika Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021. Tukio moja linatosha; si lazima lijirudie. Mkataba huo unamhesabu mfanyakazi hata kama hana karatasi ya ajira, na Mapendekezo Namba 206 yanayoandamana nao yanataja usafirishaji kati ya kazi ambazo mtu yuko hatarini zaidi.

Dereva wa kuajiriwa ni yeyote anayeendesha chombo cha mtu mwingine kwa malipo: daladala, teksi, basi la mkoani, lori, gari la ofisi au la nyumbani, na hata bodaboda ya hesabu, yaani ya kumkabidhi mwenye chombo kiasi maalumu cha fedha kila siku. Wataalamu wa usalama kazini hugawa ukatili kwa kutazama unatoka kwa nani. Wa kwanza ni mhalifu asiyehusika na kazi hiyo: anayekodi teksi usiku ili apore, au anayevizia lori lililoharibika njiani. Wa pili ni anayehudumiwa, yaani abiria anayetukana au kurusha ngumi kwa sababu ya chenji, au kumshikashika dereva wa kike. Wa tatu yumo ndani ya kazi yenyewe: tajiri (mwenye gari), msimamizi, konda, mpiga debe, dereva mwenzake. Wa nne ni mtu wa nyumbani anayeuleta ugomvi wa kifamilia kituoni.

Watu wakisikia neno ukatili huwaza kisu na ngumi. Kwa dereva wa daladala, unaomaliza akili taratibu mara nyingi ni ule wa tatu, na unapita katika hesabu.

Chukua mfano wa namba za kukadiria. Gari limekusanya Sh 260,000 kwa siku. Mafuta ni 110,000 na hesabu ya tajiri ni 100,000. Zinabaki 50,000, na humo watoke konda, wapiga debe, kuosha gari, chakula na malipo ya dereva mwenyewe. Trafiki akiandika faini moja ya Sh 30,000, zimebaki 20,000 za watu wawili tangu alfajiri. Tajiri amepata zake kamili. Hasara yote ya barabarani, iwe foleni, mvua, pancha au abiria aliyeshuka bila kulipa, imemwangukia aliyeshika usukani. Ndiyo maana mzozo wa nauli ya mtu mmoja unaweza kufika kwenye mashati.

Hesabu kuwepo si ukatili. Inageuka ukatili pale pungufu ya leo inapoandikwa kuwa deni la kesho, leseni inaposhikiliwa mpaka deni liishe, simu za vitisho zinapopigwa gari likiwa barabarani, au dereva anapoambiwa deiwaka, yaani dereva wa kibarua cha siku, yuko kituoni anasubiri funguo. Hapo madhara ni ya kiuchumi na ya akili kwa pamoja, hata kama hakuna aliyeguswa shavu.

Mwili nao una hesabu zake. Mtu akitishwa, moyo huenda mbio, misuli hukaza, macho hutafuta hatari. Tukio likiisha, vyote hurudi chini. Dereva anayetishwa asubuhi, mchana na jioni hapati nafasi ya kurudi chini. Usiku usingizi hauji, au unakuja wa kukatika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 12 za kazi kwa siku, pamoja na saa za ziada, lakini anayeamka saa kumi alfajiri na kukabidhi gari saa nne usiku amekuwa macho saa 18. Majaribio ya kulinganisha kukosa usingizi na pombe yameonyesha kwamba baada ya saa 17 hivi za kuwa macho, wepesi wa mtu unashuka kama wa mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Anachelewa kukanyaga breki, na anawahi kukasirika. Mirungi, ambayo Tanzania ni marufuku, huondoa usingizi lakini huongeza wasiwasi na hasira. Pombe ya jioni ya kutafuta usingizi nayo huuvunja katikati ya usiku.

Baada ya tukio kubwa kama kutekwa, kupigwa, au kugonga mtu na kuzingirwa na umati, ni kawaida kwa siku au wiki kadhaa kuota jinamizi, kushtuka na kurudiwa na picha za tukio. Dalili zikipita mwezi mmoja huku mtu anakwepa barabara ile, hacheki na wenzake na anaruka kila honi ikilia, hicho ni kiwewe kinachohitaji tiba. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, haihitaji tukio kubwa. Baadhi ya vituo vya afya hutumia dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama ni 0 hadi 27, na kuanzia 10 mhudumu huchunguza zaidi. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru. Likipata alama yoyote juu ya sifuri, mtu aonwe siku hiyohiyo, hata kama jumla yake ni ndogo.

Aliyeshambuliwa asiendeshe gari siku ileile. Mikono ikitetemeka, mwingine alirudishe. Kama ana majeraha, aende hospitali na achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Akibakwa, dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Wenzake wamsikilize akitaka kusema, bila kumlazimisha asimulie upya kila kitu. Kumkamua maelezo hakumkingi na kiwewe. Diazepamu, dawa za kutuliza, za kuombwa dukani ziepukwe: Shirika la Afya Duniani halizishauri kwa msongo wa mwezi wa kwanza baada ya tukio, zinaleta uraibu na zinapunguza umakini barabarani. Akipewa amitriptilini, dawa ya sonona, amwambie daktari kwamba anaendesha gari, maana nayo huleta usingizi, hasa siku za mwanzo na dozi ikipandishwa.

Kwa mwenye gari, hatua zinazofanya kazi hazina gharama kubwa. Hesabu ifungwe siku kwa siku, pungufu isihamie kesho, na siku ya shambulio au ajali isiwe na hesabu kabisa. Fedha zitumwe kwa simu mara mbili au tatu kwa siku ili gari lisibebe mauzo yote usiku. Simu kwa dereva zipigwe gari likiwa kituoni. Mabango ya kukataza matusi, kwa maoni yetu, hayabadilishi kitu kama hesabu haijaguswa.

Mgogoro ukifika mbali, unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: siku 30 tangu kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Wengi hukata tamaa kwa kuwa hawana mkataba wa maandishi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamdhania mtu kuwa mwajiriwa likithibitika hata jambo moja kati ya kadhaa inayoyataja, kama vile kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kupewa chombo cha kazi, au kumfanyia mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo ujumbe wa kutuma hesabu kila jioni usifutwe kwenye simu, na kila tukio liandikwe lilipotokea: tarehe, saa, kituo, namba ya gari, maneno yaliyosemwa na nani alishuhudia.