Uwiano kinyume sio "kimoja kipande, kingine kishuke"

Likitajwa tu swali la mafundi na siku lazima atokee mtu aseme eti uwiano kinyume ni pale kimoja kinapopanda na kingine kinashuka. Jamani, hapana.

Maana yenyewe ni fupi: ukivizidisha hivyo vitu viwili unapata namba ileile kila mara. Watu 6 wakichimba mtaro kwa siku 10, kazi nzima ni 6 × 10, yaani siku 60 za mtu mmoja. Mtaro ni uleule kwa hiyo 60 haibadiliki, wakiwa 4 unagawa tu, siku 15 (hapo tunachukulia wote wana kasi moja na hawabanani mtaroni).

Sasa hiyo panda-shuka yenu. Chukua mshumaa wa sentimita 20 unaopungua sentimita 2 kila saa. Muda unapanda, urefu unashuka, sawa, ila baada ya saa 1 umebaki 18 na baada ya saa 2 umebaki 16, zidisha muda kwa urefu uone: 18, halafu 32. Wapi na wapi! Ingekuwa uwiano kinyume, muda ukiwa mara mbili urefu ungekuwa nusu, na mshumaa usingeisha milele. Ndio maana mtu wa panda-shuka akisikia wachimba mtaro wetu wamepungua 2 anaongeza siku 2, anaandika 12, na kwa vile namba imepanda anaona yuko sawa kabisa. Afadhali hata yule anayeandika 6 kwa 10 ni sawa na 4 kwa ngapi akapata siku 6 na theluthi mbili, maana huyo akisoma jibu lake atajiuliza mwenyewe wachache wamewahije kumaliza.

Na kuna ndugu yake kosa hilo. Mmoja anapaka ukuta kwa saa 3, mwingine saa 6, wakishirikiana je? Watu wanatafuta wastani, saa 4 na nusu, wakati yule wa kwanza peke yake anamaliza kwa 3! Masaa hayajumlishwi, inayojumlishwa ni kasi, theluthi ya ukuta kwa saa na moja ya sita unapata nusu ukuta kwa saa, basi saa 2. Wachina wa kale, kama miaka 2,000 iliyopita, walikuwa na swali la mifereji mitano ya kujaza bwawa, kila mmoja ukiwa peke yake unachukua theluthi ya siku, siku 1, 2 na nusu, 3 na 5. Wakahesabu kila mfereji unajaza mabwawa mangapi kwa siku: 3 + 1 + 2/5 + 1/3 + 1/5, ni 74/15, jibu 15/74 ya siku.

Kwa hiyo ukiona kimoja kinapanda kingine kinashuka, sema tu vinapishana, hujakosea. Neno kinyume lisubiri kwanza uzidishe jozi mbili tatu.