Besiboli haikuzaliwa Cooperstown
Cooperstown ni kijiji cha watu wasiofika 2,000 katika jimbo la New York, Marekani. Kimekaa kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Otsego, pale Mto Susquehanna unapoanza safari yake ndefu kwenda Ghuba ya Chesapeake. William Cooper alikianzisha mwaka 1786, na hadi leo ni mahali pazuri mno.

Kwa vizazi kadhaa watu wameambiwa kwamba Abner Doubleday alibuni besiboli hapo mwaka 1839. Sivyo. Mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Baadaye akawa jenerali, akaacha maandishi mengi, na hakudai kuwa mchezo huo ni wake.

Hadithi yenyewe ilikuja mwaka 1905, Doubleday akiwa amekwisha kufa miaka 12 nyuma. Tume iliyotafuta asili ya besiboli ilipokea barua ya mzee aitwaye Abner Graves, akieleza aliyoyaona Cooperstown utotoni. Mwaka 1839 Graves alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi! Lakini waliounda tume walitamani sana mchezo uwe wa Kimarekani mtupu, bila mizizi ya Uingereza, wakaikubali.

Jumba la makumbusho ya besiboli lilifunguliwa kijijini mwaka 1939, kuadhimisha karne moja ya tukio ambalo halikutokea. Na huko Pittsfield, Massachusetts, sheria ndogo ya mwaka 1791 ilikuwa tayari inakataza kucheza besiboli karibu na jumba la mikutano, ili kulinda vioo vya madirisha.